A, an, the: makosa yanayorudi kila mara, yanatoka wapi na yanaondokaje

Makosa yaliyomo humu ni ya vineno vya Kiingereza "a", "an" na "the", yale yanayojirudia katika barua za kuomba kazi, ripoti za mashirika na kopi za wanafunzi hapa Goma. Hayatokei ovyo. Mtu aliyekua na Kiswahili nyumbani na kusoma kwa Kifaransa darasani anavutwa na lugha mbili kwa wakati mmoja, nazo zinamvuta kinyume. Kiswahili hakina vineno hivi, kwa hiyo kinamfanya aviache. Kifaransa kinavyo, tena kinaviweka mahali pengi ambapo Kiingereza hakiviweki, kwa hiyo kinamfanya aviongeze. Ndiyo maana sentensi moja ya mtu mmoja inakosa "a" mwanzoni na kubeba "the" isiyo na kazi mwishoni. Kumwambia mtu huyo akasome tena kanuni si kumsaidia, maana kanuni anazijua. Anachohitaji ni kutambua kosa limetoka upande gani: kosa la Kiswahili linatibiwa kwa kuongeza, la Kifaransa kwa kuondoa.

Kipimo cha kuanzia

Kabla ya kugusa sentensi ya Kiingereza, iseme kwanza kwa Kiswahili cha mtaani. Sisi tunasema "ile gari", "ile kitabu", "yule mama". Mwalimu wa Kiswahili atataka "lile gari" na "kile kitabu", lakini kwa kazi hii yote ni sawa. Ukiweza kutia "ile" na maana ikabaki ileile, Kiingereza kitataka "the". Ukiweza kutia "moja" au "fulani", nacho kitu ni kimoja, kitataka "a" au "an". Maneno yakikataa vyote viwili, mara nyingi Kiingereza nacho hakitaki kitu.

Chukua "maisha ni magumu". Jaribu kusema "yale maisha ni magumu": mwenzako atauliza maisha yapi. Basi Kiingereza ni "Life is hard", bila chochote mbele. Kifaransa ndicho kilichokunong'oneza "la vie".

Kiswahili sanifu kina kipimo kingine ndani ya kitenzi. "Nimenunua kitabu" ni "I bought a book". "Nimekinunua kitabu" ni "I bought the book", kwa sababu ile "-ki-" inamwambia msikilizaji kwamba kitabu anakijua. Watu husema Kiswahili hakina tofauti hiyo. Kinayo, ila kimeiweka kwenye kitenzi na kwenye "ile", na anayeizungumza lugha hii tangu utoto anaitumia kila siku bila kufikiri. Huo ni mtaji mkubwa, na inauma kuona mwanafunzi anafundishwa Kiingereza kana kwamba hana kitu cha kuanzia.

Kipimo hiki kinashindwa mahali pamoja: kitu kinachojulikana kwa kuwa ni sehemu ya kingine. "Tulifika kwenye nyumba moja, mlango ulikuwa wazi." Hapo "ule mlango" hauji vizuri, lakini Kiingereza kinataka "the door". Jaribu "wake" au "yake": mlango wake ulikuwa wazi. Ikikubali, weka "the".

Dalili: nomino imesimama peke yake

"I am nurse." "I have degree in economics." "Our team needs car."

Sababu ya kwanza ni Kiswahili: "mimi ni muuguzi", imekwisha. Ya pili, hasa kwenye kazi za watu, ni Kifaransa, kwa kuwa "je suis infirmier" nayo haina kitu katikati. Lugha mbili zinakubaliana kukupoteza, na kwa hiyo kosa hili ni gumu kung'oka hata kwa mtu aliyesoma sana. Sababu ya tatu ni sikio. Wenye lugha wanaitamka "a" kwa pumzi fupi kabisa, inazama kati ya maneno mawili, na asiyeisikia haiandiki. Hata Neil Armstrong alipokanyaga mwezi mwaka 1969, dunia ilisikia "one small step for man", na yeye mwenyewe akasema alikusudia "a man".

Angalia hivi. Chukua kalamu ya risasi, pigia mstari kila nomino ya umoja ya kitu kinachohesabika. Mbele yake lazima pawe na kitu: a, an, the, my, this, each, one, chochote cha namna hiyo. Pakiwa patupu, kuna kosa, na nafuu ya kwanza ni "a": "I am a nurse", "I have a degree", "I worked as a teacher for three years". Kama kuna kivumishi, kineno kinatangulia kivumishi: "I am an experienced nurse".

Nafasi tupu inaruhusiwa mahali pachache. Njia ya kusafiri baada ya "by": "by car", "by boat". Cheo chenye nafasi moja tu: "She was elected president". Vichwa vya CV pia, ambako "Nurse, 2019–2022" ni sahihi kama kilivyo. Usiende kuweka "a" kwenye kila mstari wa CV. Hapo utakuwa umeharibu kilichokuwa kizima.

Dalili: "the" imejaa kila mahali

"The life is expensive in Goma." "I speak the French and the Swahili." "The malaria kills the children." Hii ndiyo dalili inayomtambulisha msomi wa Kifaransa mara moja, na ndiyo inayochosha zaidi msomaji wa ripoti.

Mara nyingi chanzo ni jambo linalosemwa kwa ujumla. Kifaransa kinasema "la malaria", "les enfants", "le français", hata kama unazungumzia malaria yote na watoto wote duniani. Kiingereza kikizungumzia jambo zima kwa ujumla wake, huliacha tupu: "Malaria kills children". Ukisema "the children", msomaji anageuka kutafuta watoto gani, wa kambi ipi. Na kama kweli ni wa kambi fulani, basi "the" ina kazi: "Malaria is killing the children in our camp". Rudi kwenye "ile". Wale watoto, au watoto tu?

Chanzo kinachofuata ni vyeo. "Le docteur Mukwege" inageuka "the Doctor Mukwege", ilhali Kiingereza kinataka "Doctor Mukwege received the Nobel Peace Prize in 2018". Cheo kikiwa na jina, tupu. Cheo bila jina: "the doctor".

Wakati nao una mtego, na huu ni wa kuangaliwa kwa makini kwa sababu unabadilisha maana. "La semaine dernière" ni "last week". Ukiandika "the last week", Mwingereza anaweza kusoma juma la mwisho la kitu fulani, kwa mfano juma la mwisho la mkataba. Mtu aliyeandika "We distributed food in the last week" akitaka kusema juma lililopita amemwachia bosi wake aliyeko Nairobi swali ambalo hakulikusudia.

Halafu kuna "la plupart des gens", inayozaa "the most of people". Andika "most people" kama ni watu kwa ujumla. Kama ni kundi linalojulikana, "most of the people in the village". Kati ya hizo mbili hakuna ya tatu.

Viungo vya mwili kwa haraka: "il s'est lavé les mains" ni "he washed his hands", si "the hands".

Onyo moja kabla ya kufuta. Mtu akishaambiwa kwamba anatumia "the" kupita kiasi, hufyeka zote, na hapo anarudi kwenye dalili ya kwanza. Usiguse "the" iliyo mbele ya "first", "second", "only", "same", wala ya "best", "deepest" na mfano wake. "Lake Kivu is one of the deepest lakes in Africa" inaihitaji. Vilevile "the sick", "the displaced", "the poor", ambapo kivumishi kimebeba watu wote wa hali hiyo.

Dalili: "an information", "many equipments"

Hapa "a" imewekwa, lakini nomino yenyewe haikubali. Kiingereza kinahesabu "information", "advice", "equipment", "luggage", "furniture", "research", "news", "homework", "progress" na "damage" kama kinavyohesabu maji: hakihesabu. Kifaransa kina "une information" na "des équipements", nasi tuna "vifaa" na "mizigo", ambavyo ni wingi waziwazi. Kwa hiyo akili inaona wingi, mkono unaandika "s".

Angalia kamusi nzuri ya wanaojifunza Kiingereza. Karibu na neno utaona alama ya kuonyesha kama linahesabika. Dawa ya haraka ni "some": "some information", "some advice". Ukitaka kimoja, "a piece of information", "a piece of equipment". Kazi nayo inateleza: "work" haihesabiki, "job" inahesabika, kwa hiyo "I am looking for work" au "I am looking for a job", usichanganye.

Neno la kuogopwa kidogo ni "damage". Lava ikiharibu nyumba ni "damage", bila "a" wala "s". "Damages" ni fidia inayolipwa kwa amri ya mahakama. Mtu aliyeandika kwenye ripoti kwamba volkano "caused damages" atasameheka. Kwenye barua ya madai hatasameheka, maana pale neno lina uzito wa pesa.

Dalili: "a hour", "an university", "a NGO"

Hii ni nyepesi kuliko zote. Sikiliza sauti ya mwanzo ya neno linalofuata, usitazame herufi. Sauti ya irabu, "an". Nyingine, "a". "An hour", kwa sababu "h" haitamkwi. "A university" na "a European donor", kwa sababu zinaanza kwa sauti ya "yu". "A one-year contract", inaanza kwa "wa".

Kinachotuangusha hapa ni vifupisho, kwa kuwa tunavisoma kichwani kwa Kifaransa. Visome kwa Kiingereza kwa sauti. NGO (shirika lisilo la serikali) ni "en-ji-o", basi "an NGO". UN ni "yu-en", basi "a UN car". IDP (mkimbizi wa ndani) na MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) zinachukua "an": "an IDP camp", "an MSF nurse". UNICEF inasomwa kama neno, "yunisefu", basi "a UNICEF office". Namba pia: "an 8-month contract", "an 11-year-old girl".

Dalili: sarufi ni safi lakini msomaji anauliza "yupi?"

Hapa programu za kusahihisha haziwezi kukusaidia. "A car" na "the car" zote ni Kiingereza sahihi. Mashine haijui unalolijua wewe wala analolijua msomaji wako. Chukua aya hii, ya aina inayoandikwa sana hapa:

"In January 2002, volcano erupted near the Goma. Lava entered in city, covered a part of runway of airport and reached the Lake Kivu."

Iliyotengenezwa:

"In January 2002, a volcano erupted near Goma. The lava entered the city, covered part of the airport runway and reached Lake Kivu."

Anza na "a volcano". Msomaji aliyeko Geneva ndiyo kwanza anaisikia, kwa hiyo unamjulisha kwa "a". Lakini kama unawaandikia watu wa hapa, waliokulia chini ya moshi wa Nyiragongo, "a volcano" itawashangaza, kana kwamba kuna nyingine iliyotokea usiku. Kwao ni "the volcano". Sentensi ni ileile; anayeamua ni msomaji.

"The lava" haikutajwa kabla, lakini volkano ikilipuka msomaji anaitegemea lava yake. Kipimo cha "yake" kinakubali. "The city" ni Goma, imeshatajwa kwa jina. "The airport runway": mji una uwanja mmoja wa ndege, hakuna wa kuuchanganya nao. "Part of" inasimama vizuri bila "a". "Entered" haitaki "in". Na ziwa, tunakuja kwake sasa hivi.

Ukitengeneza aya yako, jiulize kwa kila nomino swali moja tu: msomaji wangu, akifika hapa, anajua ni kipi? Akijua, "the". Asipojua, "a" kwa kimoja, tupu kwa vingi. Sababu ya kawaida ya kukosea ni kuandika ukiwa umesimama mahali pako. Wewe ulikuwapo kwenye mkutano, unajua ni gari gani lililokwama njiani kuelekea Sake. Yeye hajui.

Kwa wanaoandika ripoti, neno moja la ziada. "A number of households have left" inasema kaya kadhaa zimeondoka. "The number of households has risen" inazungumzia idadi yenyewe. Kineno kikibadilika, kitenzi nacho kinabadilika, na maana inakuwa nyingine.

Dalili: majina ya mahali na mashirika yana "the" kombo

Kifaransa kinaweka kineno mbele ya karibu kila nchi: "le Rwanda", "la France". Kiingereza kinaacha: Rwanda, Uganda, France. Kinaweka hasa pale ambapo jina lina neno kama "Republic", "Kingdom" au "States", au ni la wingi. Kwa hiyo "the United States", "the Netherlands", na nchi yetu ni "the Democratic Republic of the Congo", zote mbili zikiwemo. Ile ya pili ndiyo inayosahauliwa sana kwenye fomu. Kifupi chake ni "the DRC".

Miji haina kitu: Goma, Bukavu, Lubumbashi. Ziwa moja halina: "Lake Kivu". Mlima mmoja hauna: "Mount Nyiragongo". Mto unao: "the Ruzizi", "the Congo River". Safu ya milima inayo: "the Virunga Mountains". Bahari zinayo. Barabara kwa kawaida hazina.

Mashirika yanafuata sauti. Kifupisho kinachosomwa herufi kwa herufi mara nyingi kinachukua: "the UN", "the ICRC" (kamati ya kimataifa ya Msalaba Mwekundu). Kinachosomwa kama neno hakichukui: UNICEF, MONUSCO (ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini kwetu). Kukiwa na shaka, fungua ukurasa wa shirika lenyewe, soma linavyojiandika, ufuate. Hospitali na vyuo vyenye jina la mahali mara nyingi havina: "Panzi Hospital". Kukiwa na "of", inarudi: "the University of Goma".

Dalili ndogo mbili

"Go to school", "go to church", "in prison" ni kwa anayekwenda kwa kazi ya mahali hapo: kusoma, kusali, kufungwa. Mzazi aliyekwenda kumwona mkuu wa shule, "she went to the school". Kwenye hospitali Waingereza wanasema "in hospital", Wamarekani "in the hospital". Chagua moja uishike.

"Few" na "a few" hazifanani. "We have few nurses" ni malalamiko, wauguzi hawatoshi. "We have a few nurses" ni habari njema kidogo, wako kadhaa. Ripoti inayoomba msaada ikiandika ya pili ikikusudia ya kwanza inajikata yenyewe. "Little" na "a little" ni vivyo hivyo.

Acha hapo, tafuta mtaalamu

Barua ya kazi, ripoti, kazi ya shule: tengeneza mwenyewe kwa hatua za juu. Kuna karatasi ambazo hupaswi kuzigusa hata kama unaona "the" imekosekana.

Mkataba ni wa kwanza. "The employee will receive a vehicle" na "the employee will use the vehicle" zinaahidi mambo mawili tofauti. Kineno kimoja kinaweza kugeuza jambo zito kabisa: azimio namba 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Novemba 1967, kwa Kiingereza lilitaka Israel iondoe majeshi "from territories occupied", bila "the", na kwa Kifaransa "des territoires occupés". Wanasheria na wanadiplomasia wamebishana tangu wakati huo kama ni maeneo yote au baadhi. Ikiwa watu wa aina hiyo hawakuliamua kirahisi, usiamue peke yako kwenye mkataba wa nyumba au wa kazi. Usisaini wala kusahihisha toleo la Kiingereza kabla mwanasheria hajalisoma pamoja na la Kifaransa.

Maelezo ya mtu anayeomba hifadhi au viza ni ya pili. "A man beat me" na "the man beat me" ni ushahidi wa aina mbili, na anayesikiliza atauliza kama ulimfahamu. Maneno hayo yabaki mikononi mwa mkalimani aliyefunzwa, na yasomwe tena mbele ya mwenyewe.

Diploma, cheti cha kuzaliwa na hati za mahakama zinakwenda kwa mtafsiri aliyeapishwa. Ripoti za daktari na maelekezo ya dawa pia zisiguswe na asiye wa fani hiyo. Ukienda kwa mtafsiri, chukua nakala ya Kifaransa ya asili, weka alama kwa kalamu ya risasi pembeni ya sentensi zinazokutia shaka bila kubadilisha neno, na umwambie nani ataisoma karatasi hiyo na katika nchi gani.